Vibali anavyohitaji mwanakandarasi wa viyoyozi na mitambo ya baridi

Nchini Kenya hakuna karatasi moja inayoitwa leseni ya kufunga viyoyozi. Anayetaka kufanya kazi hiyo kwa njia halali huhitaji vibali kadhaa kutoka kwa asasi tofauti, na kila kimoja huhusu sehemu moja tu ya kazi. Kimoja huhusu mkataba na jengo, cha pili stima, cha tatu gesi ya kupozea, na vingine usalama wa wafanyakazi, biashara yenyewe na ushuru.

Kutofahamu jambo hili kumewaletea hasara watu wa pande zote mbili. Kuna mafundi stadi ambao hukosa zabuni kila mwaka kwa sababu ya cheti kimoja kilichopungua. Kuna pia wenye majengo ambao huonyeshwa kibali cha biashara cha kaunti wakadhani wameonyeshwa ithibati ya ujuzi. Mtambo unapoharibika, au moto unapozuka, ndipo hubainika kwamba aliyeufunga hakuwa na mamlaka ya kufanya hivyo, na fidia huwa ngumu kupatikana.

Makala haya yanaeleza vibali hivyo kimoja baada ya kingine, sababu ya kila kimoja, na mambo ambayo mteja anafaa kuuliza kabla ya kutia sahihi.

Kwa nini serikali huingilia

Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja huonekana kifaa cha kawaida cha nyumbani. Hata hivyo, ndani yake mna mambo matatu yanayoweza kudhuru: umeme, gesi iliyoshindiliwa kwa nguvu na hewa inayovutwa na watu.

Kuhusu umeme, kompresa huvuta mkondo mkubwa wakati wa kuanza kuzunguka. Waya mwembamba au swichi isiyofaa huchemka na kuunguza kuta.

Kuhusu gesi, aina iitwayo R-410A hufanya kazi kwa shinikizo linalokaribia kuzidi lile la R-22 ya zamani kwa asilimia 60. Vifaa vilivyotengenezewa gesi ya zamani haviwezi kuhimili shinikizo hilo. Gesi mpya zaidi, kama vile R-290, ambayo ni propani, hushika moto upesi. R-32 nayo huweza kuwaka, ingawa kwa kiwango cha chini. Kosa jingine la hatari ni kupima uvujaji wa mabomba kwa kutumia oksijeni badala ya naitrojeni. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa, mlipuko unaweza kutokea papo hapo.

Kuhusu hewa, mfano unaotajwa zaidi ulimwenguni ni wa mwaka 1976 mjini Philadelphia, Marekani. Wanachama wa chama cha wanajeshi wastaafu waliokutana hotelini waliugua homa kali ya mapafu na zaidi ya watu 25 wakafariki. Mwaka uliofuata wanasayansi walitambua bakteria iliyosababisha ugonjwa huo, na mfumo wa kupozea hewa wa hoteli hiyo ukahusishwa na kuenea kwake. Tangu wakati huo, usafi wa minara ya kupozea maji katika majengo makubwa umekuwa suala la afya ya umma.

Aidha, mifereji ya hewa hupita kutoka orofa hadi orofa. Isipowekewa milango ya kuzuia moto mahali panapostahili, moshi wa chumba kimoja huweza kufika jengo zima kwa muda mfupi. Hizi ndizo sababu za sheria kutomwachia mteja peke yake jukumu la kupambanua fundi mzuri na mbaya.

Fundi na mwanakandarasi

Sheria hutofautisha fundi na mwanakandarasi, ingawa katika mazungumzo ya kila siku majina hayo huchanganywa.

Fundi ni mtu binafsi mwenye ujuzi. Ithibati yake ni cheti cha mafunzo. Anaweza kuwa na stashahada au cheti cha ufundi kutoka taasisi ya kiufundi, au awe amefanya mitihani ya ufundi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ambayo huanzia daraja la tatu na kupanda hadi la kwanza. Mitihani ya NITA ni mlango muhimu kwa waliojifunza kazi gereji au chini ya fundi mkongwe, kwani mtahiniwa hupimwa kwa anachoweza kufanya.

Mwanakandarasi ni mtu au kampuni inayojifunga kwa mkataba kufanya kazi ya ujenzi au ya kufunga mitambo kwa malipo. Yeye ndiye anayewajibika kazi ikiharibika, hata kama aliyeshika bisibisi ni mtu mwingine. Ndiyo maana sheria inamtaka asajiliwe, mbali na vyeti vya mafundi wake.

Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, inashughulikia makundi yote mawili. Husajili wanakandarasi, na vilevile huidhinisha mafundi stadi na wasimamizi wa maeneo ya ujenzi. Kadi ya fundi aliyeidhinishwa haimruhusu kuchukua kandarasi kwa jina lake. Huonyesha tu kwamba anaweza kuajiriwa katika kazi ya ujenzi kama mtu mwenye ujuzi.

Usajili wa NCA

Msingi wa usajili ni Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, nambari 41 ya mwaka 2011, pamoja na kanuni zake za mwaka 2014. Sheria hiyo inakataza mtu yeyote kufanya biashara ya ukandarasi bila kusajiliwa. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh1 milioni, au kufungwa jela kwa muda usiozidi miaka mitatu, au adhabu zote mbili.

Kanuni zinagawa wanakandarasi kwa aina ya kazi: majengo, barabara, maji, huduma za umeme, huduma za mitambo na kazi nyingine maalumu. Viyoyozi, mifumo ya kupitisha hewa na mitambo ya baridi vimo katika huduma za mitambo. Hili ni jambo la kuzingatiwa. Kampuni iliyosajiliwa kwa kazi za majengo pekee haiwi kwa sababu hiyo na ruhusa ya kufunga mfumo wa hewa wa hospitali. Inapaswa kusajiliwa pia kwa huduma za mitambo, au iajiri mwanakandarasi mdogo aliyesajiliwa hivyo.

Kila aina ina madaraja manane. Daraja la NCA1 ndilo la juu na NCA8 ndilo la chini. Daraja huamua thamani ya kazi ambayo kampuni inaweza kuchukua. Kwa huduma za mitambo, kanuni za 2014 ziliweka viwango hivi:

NCA8: kazi isiyozidi Sh5 milioni
NCA7: kazi isiyozidi Sh10 milioni
NCA6: kazi isiyozidi Sh20 milioni
NCA5: kazi isiyozidi Sh50 milioni
NCA4: kazi isiyozidi Sh100 milioni
NCA3: kazi isiyozidi Sh150 milioni
NCA2: kazi isiyozidi Sh250 milioni
NCA1: kazi ya thamani yoyote

Ili kusajiliwa, kampuni huwasilisha cheti cha kuandikishwa kwake, majina ya wakurugenzi na hisa zao, cheti cha kutimiza masharti ya ushuru, vyeti vya elimu na ujuzi, na maelezo ya kazi zilizotangulia, vifaa na uwezo wa kifedha. Sharti linalowakwaza wengi ni kwamba angalau mmoja wa washirika au wakurugenzi lazima awe na ujuzi wa kiufundi unaohusiana na kazi. Haitoshi kampuni kuwa na fedha na kuajiri fundi wa kibarua. Kadiri daraja linavyopanda, ndivyo elimu na uzoefu unaotakiwa unavyoongezeka.

Usajili peke yake hautoshi. Mwanakandarasi huhitaji pia leseni ya utendakazi inayohuishwa kila mwaka. Mtu anaweza kuonyesha cheti halisi cha usajili kilichotolewa miaka kadhaa iliyopita ilhali leseni yake imekwisha muda. Mteja anafaa kuona zote mbili.

Kampuni ya kigeni ina masharti yake. Husajiliwa kwa muda, kwa ajili ya mradi mahususi, na katika daraja la NCA1 pekee. Kanuni zinaitaka pia iwape wanakandarasi wa humu nchini angalau asilimia 30 ya thamani ya kazi. Kwa kampuni ndogo za mitambo, sharti hili limekuwa njia ya kupata kazi katika miradi mikubwa, kwa kuwa ufungaji wa viyoyozi ni mojawapo ya kazi zinazoweza kutengwa na kazi kuu kwa urahisi.

Leseni ya stima

Kiyoyozi hakifanyi kazi bila umeme, na hapa ndipo mafundi wengi wa mitambo huvuka mpaka bila kujua. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inakataza kazi za kuweka nyaya za umeme kufanywa na mtu asiye na leseni. Asasi inayotoa leseni hizo ni Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA.

Vyeti vya mafundi wa umeme vina madaraja, kuanzia C2 la kazi ndogo hadi A1 la kazi kubwa. Kampuni nayo huhitaji leseni ya ukandarasi wa umeme, mbali na cheti cha fundi wake. Kwa hivyo, fundi wa viyoyozi anayetoa laini mpya kutoka kwenye bodi ya umeme hadi kwenye kompresa iliyo juu ya paa anafanya kazi ya umeme. Asipokuwa na cheti cha EPRA, anapaswa kushirikiana na aliye nacho.

EPRA inahusika pia na mashine zenyewe. Chini ya kanuni za mwaka 2016 kuhusu matumizi ya kawi katika vifaa, viyoyozi visivyotumia mifereji ya hewa pamoja na majokofu vinapaswa kutimiza kiwango cha chini cha ufanisi na kubandikwa lebo ya nyota. Nyota zikiwa nyingi, kifaa hutumia umeme kidogo. Mwanakandarasi anayeuza kifaa kisicho na lebo humwachia mteja bili ya juu kwa miaka mingi.

Gesi ya kupozea

Kwa miaka mingi fundi wa friji alifungua vali na kuiacha gesi itoke hewani, kisha akajaza mpya. Mazoea hayo ndiyo yaliyoifanya gesi kuwa suala la sheria.

Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1988, ulilenga kuondoa kemikali zinazoharibu tabaka la ozoni. Gesi za kundi la CFC zilikoma katika nchi zinazoendelea kufikia mwaka 2010. Zilizofuata ni za kundi la HCFC, ambamo mna R-22 iliyotumika katika viyoyozi vingi vya zamani. Ratiba ya nchi zinazoendelea ilianza kwa kusimamisha ongezeko mwaka 2013. Ilifuatwa na punguzo la asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020 na asilimia 67.5 mwaka 2025. Kufikia mwaka 2030 matumizi yake yanapaswa kukoma, isipokuwa kiasi kidogo cha kukarabati mitambo iliyopo hadi 2040.

Mwaka 2016, mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, na kukubaliana kupunguza pia gesi za kundi la HFC. Gesi hizi haziharibu ozoni lakini huongeza joto duniani. Kilo moja ya R-410A, mathalan, huongeza joto kwa kiasi kinachokadiriwa kuwa sawa na kilo 2,088 za kaboni dioksaidi katika miaka 100. Kwa R-32 kiwango hicho ni 675, na kwa R-290 ni takriban 3.

Nchini Kenya, utekelezaji uko mikononi mwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 na kanuni za mwaka 2007 kuhusu kemikali zinazodhibitiwa zinamtaka anayeagiza, anayeuza nje au anayesafirisha kemikali hizo awe na leseni. Zinataka pia mitungi iwe na lebo inayoonyesha kilichomo.

Kwa mwanakandarasi, maana yake ni kwamba anapaswa kununua gesi kwa mwagizaji aliyeidhinishwa na kuhifadhi risiti. Mitungi bandia si jambo la kudharauliwa. Mtungi ulioandikwa R-134a lakini wenye mchanganyiko wa gesi inayowaka unaweza kumjeruhi fundi na kuharibu mtambo wa mteja. Mwanakandarasi anayestahili kuaminiwa huwa na mashine ya kufyonza gesi ya zamani na mtungi wa kuihifadhia, pampu ya kuondoa hewa mabombani, naitrojeni ya kupimia na mizani ya kupimia gesi. Asiye na vifaa hivyo hana budi kukisia, au kuiachilia gesi hewani.

Mteja naye ana la kuzingatia hapa. Anayeuziwa leo kiyoyozi kilichotumika cha R-22 kwa bei nafuu ananunua mtambo ambao gesi yake inazidi kuadimika kila mwaka.

Usalama wa wafanyakazi

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi apasajili katika idara ya serikali inayosimamia usalama na afya kazini. Karakana ya mwanakandarasi wa mitambo ni mahali pa kazi kama kiwanda chochote. Sheria hiyo inataka pia mitambo yenye shinikizo, ikiwemo boila, matangi ya hewa iliyoshindiliwa na mitambo ya baridi, ikaguliwe mara kwa mara na mkaguzi aliyeidhinishwa. Wenye vyumba vya baridi vya maua Naivasha, vya samaki Kisumu au vya dawa katika hospitali wanapaswa kudai ripoti za ukaguzi huo na kuzihifadhi.

Sheria ya fidia kwa wanaojeruhiwa kazini, pia ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Kazi ya viyoyozi ni ya paa na ngazi. Fundi akianguka kutoka orofa ya nne huku mwanakandarasi akiwa hana bima, familia yake huanza kuzunguka mahakamani, na mwenye jengo huenda akajikuta ameunganishwa katika kesi. Nakala ya bima ni miongoni mwa karatasi za kwanza ambazo mteja anafaa kuomba.

Mchango wa mhandisi

Kwa nyumba ya vyumba vitatu, fundi mwenye uzoefu anaweza kukadiria ukubwa wa kiyoyozi. Kwa hoteli, hospitali au jumba la ofisi, hesabu ya joto, mifereji na hewa safi ni kazi ya mhandisi. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 inaruhusu huduma za kitaalamu za uhandisi kutolewa na waliosajiliwa na Bodi ya Wahandisi pekee. Wanateknolojia na mafundi sanifu wa uhandisi wana bodi yao iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016.

Faida ya mhandisi huonekana katika ukubwa wa mtambo. Ukubwa hutajwa kwa tani au BTU, na tani moja ni sawa na BTU 12,000 kwa saa, yaani takriban kilowati 3.5 za kupoza. Kiyoyozi kidogo mno hakipozi. Kikubwa mno huzima na kuwaka kila mara, hushindwa kukausha unyevu na huacha ukungu kutani, tatizo linalojulikana sana na wakazi wa Mombasa na Lamu.

Kaunti, ushuru na zabuni za serikali

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la kutoa leseni za biashara. Kila mwanakandarasi anahitaji kibali cha biashara cha kaunti ambamo ofisi yake iko. Kibali hicho huonyesha kwamba ada imelipwa. Hakithibitishi ujuzi wowote. Kazi ya kubadilisha jengo, kama vile kutoboa kuta za nguzo au kuweka mitambo mizito juu ya paa, huenda ikahitaji pia idhini ya idara ya mipango ya kaunti.

Kwa upande wa ushuru, mwanakandarasi huhitaji nambari ya mlipaji ushuru na cheti cha kutimiza masharti kutoka KRA. Tangu Januari 1, 2024, gharama za biashara zinapaswa kuthibitishwa kwa ankara za mfumo wa eTIMS. Hoteli au hospitali haitaki kumlipa asiyeweza kutoa ankara hiyo, kwa sababu gharama hiyo haitakubaliwa wakati wa kukokotoa ushuru. Fundi mwenye mikono mizuri lakini asiye na eTIMS amejikuta nje ya soko la wateja wakubwa.

Katika zabuni za umma, sheria ya ununuzi ya mwaka 2015 ilitenga asilimia 30 ya nafasi kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kampuni zao hujisajili chini ya mpango uitwao AGPO. Cheti cha AGPO huwafungulia mlango huo, lakini hakichukui nafasi ya usajili wa NCA wala leseni ya EPRA pale ambapo zabuni inazitaka.

Hatari ya cheti cha kuazima

Desturi moja imewaponza wengi katika kazi hii. Fundi asiyesajiliwa hupata mteja, kisha humwendea mwenye kampuni iliyosajiliwa na kumwomba cheti kwa malipo. Karatasi zote huwa halali, lakini jina lililo katika cheti si la mtu anayefanya kazi.

Mambo yakiwa shwari, hakuna anayeuliza. Mtambo ukishindwa, kila mmoja humwelekezea mwenzake kidole. Mwenye cheti husema hakuwahi kufika kwenye jengo. Fundi husema mkataba hauna jina lake. Kampuni ya bima huuliza ni nani hasa aliyefunga mtambo. Fundi huyo pia yuko katika hatari ya kushtakiwa kwa kufanya biashara ya ukandarasi bila usajili, na aliyemwazima cheti hubeba lawama ya kazi ambayo hakuisimamia, pamoja na uwezekano wa kupoteza usajili wake.

Njia halali ipo, nayo haihitaji ujanja. Fundi anaweza kuandikwa kama mwanakandarasi mdogo kwa maandishi, au kuajiriwa na kampuni hiyo kwa kazi hiyo. Anaweza pia kuungana na mafundi wenzake, wakaunda kampuni na kuanzia NCA8. Daraja hilo la chini liliwekwa kwa ajili ya watu kama hao, na kazi wanazokamilisha chini yake ndizo zitakazowasaidia kupanda.

Kwa wanaokwenda Marekani

Wakenya wanaohamia Marekani wakiwa na ujuzi huu hukuta mfumo tofauti, na ni vyema wajue kabla ya safari. Huko, sheria ya serikali kuu inamtaka kila fundi anayegusa gesi ya kupozea awe amefaulu mtihani wa Idara ya Kulinda Mazingira, EPA. Kitambulisho hicho hakiishi muda.

Leseni ya ukandarasi nayo hutegemea jimbo. Jimbo la Texas hutoa leseni za aina mbili. Ya daraja A haina kikomo cha ukubwa wa mtambo. Ya daraja B hukoma kwenye tani 25 za kupoza na BTU milioni 1.5 za kupasha joto. Kwa kawaida mwombaji hutakiwa awe amefanya kazi kwa vitendo miezi 48 katika miezi 72 iliyotangulia, chini ya mwenye leseni, kisha afaulu mtihani.

Jimbo la California hudai uzoefu wa miaka minne katika miaka 10 iliyopita, mitihani miwili, uchunguzi wa alama za vidole na dhamana ya dola 25,000, kiwango kilichoanza kutumika mwaka 2023. Katika majimbo yote mawili, cheti cha NITA hakigeuzwi kuwa leseni. Hata hivyo, barua za waajiri zinazoeleza kazi iliyofanywa na tarehe zake zinafaa kuhifadhiwa, kwani uzoefu usio na maandishi ni vigumu kuuthibitisha.

Mambo ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Mteja hahitaji kuwa mhandisi ili ajilinde. Maswali haya yanatosha:

1. Kampuni imesajiliwa na NCA kwa huduma za mitambo, au kwa majengo tu? Daraja lake linatosha kwa thamani ya kazi hii?

2. Leseni ya utendakazi ya mwaka huu iko wapi? Jina lililomo ni lile lililo katika mkataba na katika akaunti ya malipo?

3. Nani atafanya kazi ya stima, na cheti chake cha EPRA ni cha daraja gani?

4. Gesi itakayotumika ni ipi, imenunuliwa kwa nani, na ya zamani itafyonzwa na kupelekwa wapi?

5. Wafanyakazi wana bima?

6. Muda wa udhamini wa kazi ni upi, na ni sehemu gani ya malipo itakayobaki mkononi mwa mteja hadi muda huo uishe?

NCA na EPRA huwa na orodha za waliosajiliwa, na mteja anaweza kulinganisha jina na nambari aliyoonyeshwa na zile zilizo katika orodha. Kukagua huchukua dakika chache. Kwa fundi anayeanza, mpangilio mzuri ni kupata cheti cha ujuzi, kisha kuandikisha kampuni na kupata nambari ya ushuru, kisha kibali cha kaunti na bima, halafu usajili wa NCA na, ikiwa atagusa nyaya, leseni ya EPRA. Malipo ya kila hatua yalipwe kupitia njia rasmi za serikali na risiti itunzwe. Anayedai kwamba anaweza kuharakisha cheti kwa kutumiwa pesa kwenye simu yake binafsi hafai kusikilizwa.